Waya wa Matundu Manne

Wiki iliyopita nilizoa wadudu wa ziwani dirishani kwangu, vizoleo viwili vizima, na harufu yao ikanikalisha chini. Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu wa ziwa mnaijua. Wakiwa hai hawanuki. Wanatoka majini wingu zima, wanajaa ukutani, puani, kwenye chai. Wakishakufa na kulala usiku mmoja, asubuhi wananuka kama dagaa walionyeshewa mvua. Watu wengi wanaichukia harufu ile, na wana haki. Mimi nilikaa kwenye kigoda, ufagio mkononi, nikamlilia baba yangu na kompyuta yake, nikamlilia na mama, ambaye yupo hai, anakula, anacheka na kunipigia simu karibu kila siku.

Tulikaa Kiseke, mimi na baba, katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa steshenari. Baba alichapa barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule, na wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, na mtaa mzima ulimwita Karani ingawa hakuwa karani wa ofisi yoyote. Alikuwa na kompyuta moja ya mezani, kubwa, iliyokuwa nyeupe zamani, na alipenda kusema kwamba hakuna barua iliyowahi kutoka chumba kile ikarudishwa kwa makosa. Alijivunia kazi yake, baba yangu. Siku nyingine zote nilimpenda kwa hilo.

Mama alikuwa nesi kwenye zahanati moja ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Alikuwa anakuja Ijumaa jioni, anaondoka Jumapili mchana. Mimi nilikuwa darasa la nne na hesabu yangu ya wiki ilikuwa rahisi: siku mbili za mama na siku tano za kusubiri. Katika siku hizo tano baba alinipikia ugali na dagaa, alinifulia sare, na kila jioni alikagua madaftari yangu kwa kalamu nyekundu utadhani yeye ndiye mwalimu. Hakuninyima kitu. Lakini nilipougua malaria nilimtaka mama, na mama siku hiyo alikuwa anawachoma sindano watoto wa wenzake upande wa pili wa maji. Hilo liliniuma kabla sijajua namna ya kulisema.

Jumapili tulimsindikiza mpaka kwenye kivuko. Nakumbuka Kigongo ile kwa mwili mzima: sakafu ya chuma iliyounguza nyayo kupitia kandambili, moshi wa injini, wanawake wenye mabeseni ya sato waliokaangwa wakiyainua hadi kwenye madirisha ya mabasi, mlango wa kivuko ukishuka kwa kishindo hadi kifua kinatetemeka. Mama alikuwa akipanda mwisho kabisa. Alisimama kwenye ukingo, akapunga mkono wenye mkoba, na mimi nilipunga mpaka sikuweza tena kumtofautisha na watu wengine. Halafu baba alininunulia mhogo wa kuchoma wenye pilipili, na machozi yangu yakawa na kisingizio.

Basi ikatokea Jumamosi moja mama akaja na mgeni.

Mliowahi kufanya kazi serikalini mnajua habari ya kubadilishana vituo. Uhamisho wa kawaida unaweza kuusubiri mpaka mvi zikaota, lakini ukimpata mwenzako wa kazi ileile anayetaka kwenda ulipo wewe, nanyi mkakubaliana, mnaandika barua mbili zinazofanana, mabosi wenu wanasaini, na kila mmoja anashika nafasi ya mwenzake. Kumpata mtu huyo ni bahati. Mama alikuwa amemtafuta kwa miaka mitatu. Huyu mgeni, Mama Neema, alikuwa nesi kwenye zahanati ya hapahapa Ilemela, na mumewe alikuwa mwalimu kule Busisi, ng'ambo. Kila mmoja alikuwa upande wa mume wa mwenzake. Hayo yote nayajua leo. Siku ile hakuna aliyenieleza, kwa sababu wakubwa walidhani mtoto haelewi, na walikuwa sahihi kuliko walivyofikiri.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele. Mama Neema alikuwa mnene, mcheshi, ana pengo la mbele. Aliiangalia nyumba yetu, mapazia yetu, kabati la vyombo.

"Pazuri hapa, dada," alisema. "Basi hiyo balua ikishasainiwa, mimi naingia kwenye nafasi yako, wewe unaingia yangu, tumemaliza." Alisema balua, kama nusu ya watu wa mtaani kwetu.

"Kitanda nakuachia," mama alijibu. "Na sufuria mbili, na jiko la mkaa. Sina haja ya kuvihangaikia."

"Mungu akubariki. Na huyu binti yuko darasa la ngapi?"

"La nne."

"Kama Neema wangu! Watoto hawana shida, dada. Wiki mbili tu ameshazoea."

"Wanazoea haraka," mama alisema, na akanitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake kwa muda mrefu.

Kitanda kilichokuwa kinaachwa ni cha chumba chake cha zahanati, ng'ambo. Mimi nilijua kitanda kimoja tu cha mama yangu, kile cha chumba cha kati, chenye shuka la maua, nilichokuwa naruhusiwa kulalia Ijumaa na Jumamosi. Nikaelewa kila kitu mara moja, jinsi mtoto anavyoelewa. Mama alikuwa amechoka na safari za kivuko. Amempata mwanamke mwingine wa kushika nafasi yake hapa kwetu, na yeye anakwenda kuwa mama yake Neema. Na kitu kilichonikata kabisa ni ile furaha.

Mama Neema alipoaga alisema jambo moja ambalo nalo nililisikia vizuri. Kulikuwa na nesi mwingine kule ng'ambo aliyekuwa anamwomba wabadilishane. "Nimekutanguliza wewe kwa sababu tulisoma wote. Lakini bosi wangu anaanza likizo Jumatatu ijayo, si hii ya keshokutwa, dada. Mpaka Ijumaa saa sita mchana niwe na balua mkononi. Zaidi ya hapo nitasaini na yule."

"Kabla ya Ijumaa unazo," baba alidakia kutoka kwenye meza yake. "Umekuja kwa Karani."

Jioni ileile akaanza kuzichapa. Nilisimama nyuma ya kiti chake kama kawaida yangu. Ilikuwa barua yenye picha mbili za pasipoti juu kabisa, ya mama kushoto na ya Mama Neema kulia, na katikati ya ukurasa majina yao wote wawili. Kompyuta ikashindwa na zile picha. Ikaganda, ikazimwa, ikawashwa, ikaganda tena, uso wa Mama Neema umetokea nusu. Baba akafyonya. Alikuwa na memori mpya mbili alizonunua mjini kwa Bwana Nilesh, zimekaa droo wiki mbili zikisubiri nafasi. Akasema kesho, tukimrudisha mama, ataifungua mashine na kuitengeneza mara moja, barua zitoke Jumatatu asubuhi, safi, za kisasa.

Jumapili ile kule Kigongo mama alinikumbatia kuliko kawaida. "Vumilia kidogo tu," aliniambia sikioni, "mambo yatakaa sawa." Niliusikia moyo wake ukipiga. Sikupunga mkono. Njiani kurudi nilimuuliza baba:

"Baba, Mama Neema anajua kupika?"

"Sijui. Nadhani anajua. Kwa nini?"

"Basi tu."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama baba alipoilaza kompyuta mezani na kufungua kava lake. Nilikuwa namshikia taa ya chaji, maana umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Alipangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Ili apate nafasi ya kupitisha mkono alichomoa kiwaya kifupi chenye kichwa cha matundu manne, pale karibu na feni ndogo, na kwa sababu alipenda kufundisha, akanionyesha.

"Unaona hiki? Kina ulimi. Unabonyeza ulimi, kinatoka chenyewe. Usivute kwa nguvu. Hiki kidogo ndicho kinachoupa ubongo wake umeme. Kisipochomekwa, feni zitazunguka, taa zitawaka, lakini haiamki ng'o."

Akakichomeka tena. Nilimwona kwa macho yangu akikichomeka, na nilisikia kikibofya. Akachomoa memori za zamani, akazipachika mpya, moja, mbili, akizibana kwa vidole gumba hadi nazo zikabofya. Ndipo wadudu wakaja. Hawakubisha hodi, chumba kilikuwa na mwanga na dirisha lilikuwa wazi. Walifunika taa, mikono yetu, wakaingia ndani ya kompyuta iliyokuwa imelala uchi pale mezani. Baba akaruka kufunga madirisha, kwanza la chumba kile, kisha akakimbilia vyumbani.

Nilikuwa peke yangu kwa muda ambao hata wali haujachemka. Nikabonyeza ulimi. Kiwaya kikatoka chenyewe, kama alivyosema. Nikakikunja nyuma ya fungu la waya nyingine, kikapotea machoni. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nafikiri vizuri kuliko nilivyowahi kufikiri: kompyuta isipoamka, barua haitoki, barua isipotoka, Mama Neema hana karatasi, asipokuwa na karatasi, mama yangu anabaki mama yangu.

Jumatatu umeme ulirudi. Baba akabonyeza. Feni zikazunguka, kijitaa cha kijani kikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Akaitazama kwa upole, akaipigapiga ubavuni. "Ee bibi, amka basi, tuna kazi." Niliondoka kwenda shule nikiwa mwepesi kama niliyefaulu mtihani.

Jumanne aliifungua tena, akawakuta wale wadudu wamekauka kila pembe, na akafurahi kweli. Kumbe ni hawa! Akawapepeta, akawafagia kwa brashi, chumba kizima kikanuka. Aliniomba ufutio wangu wa shule, akachomoa zile memori na kusugua meno yake ya kuchomekea, ya rangi ya dhahabu, taratibu, upande huu na upande huu, halafu akayapuliza. Akapachika. Akabonyeza. Cheusi. Akazibadilisha nafasi. Akaweka moja tu. Akarudisha zile za zamani. Akachomoa kibodi, akachomoa mausi, akabadilisha waya wa kioo, akaazima kioo cha jirani. Kila alipoinama mle ndani moyo wangu ulisimama, na kila alipoinuka bila kukiona, nilipumua.

Jumatano aliacha kula mchana. Mama alipiga simu jioni, mtandao ukikatakata, na nikamsikia baba akisema, "Kesho, mama. Kesho itawaka. Ni wadudu tu." Jirani akamshauri aende steshenari ya pale njia panda, barua mbili zichapwe ndani ya robo saa. Baba alimtazama kama aliyetukanwa.

"Mimi mpiga chapa, nikachapishe barua ya mke wangu kwa mtu mwingine?"

"Basi iandike kwa mkono."

"Ya mkono ofisini wanafungia maandazi."

Nimemlaumu kwa sentensi hizo kwa miaka mingi, kwa sababu kumlaumu yeye kulinipunguzia mzigo. Angeweza kwenda. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Aliyebaki alikuwa Bwana Nilesh, aliyemuuzia memori. Ukoo wake ulikuwa na duka mjini tangu enzi za babu yake, yeye mwenyewe akawaachia ndugu zake vitambaa na kuingia kwenye mashine. Lakini wiki ile alikuwa Magu, anafunga kompyuta kwenye ofisi moja ya wanunuzi wa pamba, na alisema atapita kwetu Ijumaa akirudi.

Ijumaa nilijisingizia tumbo, nikabaki nyumbani. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, baba anachungulia barabarani, anarudi, anachungulia. Bwana Nilesh alifika saa nane na nusu, ana vumbi mpaka kope.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karani, habari za siku tele? Mgonjwa yuko wapi?"

Hakuwa na haraka, na hakusikiliza hadithi ya wadudu. "Wewe unatafuta ugonjwa kwa kukisia," alimwambia baba. "Mimi navua nguo zote." Akachomoa kila kinachochomoka, hadi memori zote, akabakisha bodi tupu. "Sasa sikiliza. Mashine isiyo na memori lazima ipige kelele. Inalalamika: pii, pii, pii. Ikilia, ubongo mzima. Isipolia..." Akabonyeza. Tukasikiliza watu watatu, mimi nyuma ya pazia. Feni zilizunguka. Hakuna kilicholia.

"Hata kulalamika hailalamiki," alisema. "Basi ubongo hauna umeme." Kidole chake kikaanza kutembea juu ya waya, mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja, kikafika nyuma ya lile fungu, kikasimama. Akakivuta kile kiwaya nje, akakiinua juu mbele ya macho ya baba.

"Bwana, hii hujachomeka."

"Nilichomeka."

"Iko hapa mkononi kwangu, Karani."

Baba alikitazama. Nilimwona akirudi kichwani mwake hadi Jumapili jioni, akitafuta ile sekunde, na nilimwona akiikosa. "Nadhani nilichomeka," alisema. Kisha akajipiga kofi la paji la uso. "Hapana. Wale wadudu... nilikimbilia madirisha. Mungu wangu, nimesahau."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema. Nilishika pazia.

Iliamka kwa mlio mmoja mfupi, haraka kuliko ilivyowahi kuamka maishani mwake. Barua zilitoka safi, uso wa Mama Neema mzima. Baba alipanda bodaboda akiwa amezibeba kifuani ndani ya bahasha ya kaki, na akarudi kwa miguu. Mama Neema alikuwa amesubiri mpaka saa saba. Alikuwa ameshasaini na yule mwingine.

Mama aliingia saa kumi na mbili jioni, ameshika kuku hai kwa miguu. Alikuja na kuku, kwa ajili ya kusherehekea. Baba alimpokea mkoba, akamkalisha, akamweleza yote bila kujitetea. Mama hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Waya?"

"Nilisahau kuuchomeka, mama."

Ndipo alipoanza kulia, na katika kulia akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau: "Ningekuwa nalala hapa. Kila siku ningekuwa nalala hapa, na mwanangu."

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekaa sakafuni nikimfungua yule kuku kamba. Kila kitu nilichokuwa nimekielewa kikageuka kichwa chini, kitanda, sufuria, furaha yake, na nikajua kwamba mama alikuwa anarudi nyumbani na mimi ndiye niliyefunga mlango. Nilitoka nje nikatapika. Wakasema ni lile tumbo.

Ilimchukua mama miaka saba mingine. Miaka saba ya Ijumaa na Jumapili. Nilivunja ungo hayupo. Baba ndiye aliyekwenda dukani, akarudi na bahasha amegeukia pembeni kwa haya. Matokeo ya darasa la saba mama aliyapokea kwa simu, akishangilia peke yake kazini. Na baba aliubeba ule waya. Mama hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa mtu wa kununa, na Jumapili mchana alipokuwa anafunga mkoba wake nyumba nzima ilinyamaza. Tangu wiki ile baba hakufungua kompyuta ya mtu bila kumwita shahidi. "Njoo uone," alikuwa akiniita, mimi, kati ya watu wote duniani. "Umeona nimeuchomeka? Umeona?" Nilijibu ndiyo, baba, nimeona.

Miaka mitatu iliyopita aliugua, na nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake wiki tatu. Nafasi ilikuwepo. Tulizungumza habari za mpira, za mashamba, za watu waliokufa ambao aliwachapia wasifu. Mara mbili nilifungua kinywa, na mara mbili nikamuuliza kama anataka maji. Alizikwa akijua ni yeye aliyesahau. Mimi mwenyewe nilichapa wasifu wake, nikaandika kwamba alikuwa mtu makini.

Baada ya kuwazoa wale wadudu sikuweza tena kukaa nalo. Jumapili iliyofuata nilimchukua mama kwenye gari twende tukamsalimie nesi mwenzake mstaafu, ng'ambo. Siku hizi kuna daraja. Unaingia, unahesabu nguzo chache, umevuka. Mama alikaa amegeuza shingo dirishani, akipatazama pale chini palipokuwa na kivuko, hapana tena mabeseni wala foleni. Tulipomaliza daraja nikaegesha pembeni, nikazima gari.

"Mama, ule waya niliuchomoa mimi."

"Waya gani?"

"Wa kompyuta ya baba. Baba hakusahau. Aliuchomeka, nikauchomoa."

Lori lilipita, gari letu likatikisika. Mama alikuwa anaangalia mbele.

"Baba yako alijua?"

"Hapana."

"Ee Mungu wangu. Nimemnunia yule baba wa watu." Alivua miwani, akaishika mapajani. "Nimemnunia miaka saba. Kwa nini, mwanangu? Ulikuwa unataka nini?"

Nikamweleza: kitanda, sufuria, Neema wa darasa la nne. Nikamweleza kwamba nilidhani anakwenda kuwa mama wa mtu mwingine. Mwanzo alicheka, mkono mdomoni, hadi machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitaka," alisema.

"Mama! Nani alikwambia sikutaki?"

"Ulikataa kunisindikiza. Tangu wiki ile. Kila Jumapili nikibeba mkoba, wewe chooni, umefunga mlango."

"Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa siwezi kukutazama unaondoka, najua ni mimi."

"Mimi nikasema basi, mtoto ameshanifuta." Alifuta kioo cha miwani kwa ncha ya kanga, akakifuta tena kikiwa tayari kisafi. "Uhamisho ulipotoka, ule wa kweli, sikuwaambia. Niliuweka kwenye mkoba nikaendelea kuvuka nao, nakuja nao Ijumaa, narudi nao Jumapili. Nilikuwa naogopa kuja kuishi na mtoto asiyenitaka. Mwezi mzima, mwanangu."

"Mwezi mzima, mama?"

"Mwezi na siku nne," akasema.